Chumvi, kitovu na mkebe wa kuchezea: akili ya mtoto hulindwa mapema

Ikifika Januari wazazi huhangaika na ada za chekechea, na wengine huzunguka maduka ya dawa wakiulizia sharubati ya kuongeza akili. Shule nzuri ina faida yake, lakini mtoto anapovalishwa sare kwa mara ya kwanza sehemu kubwa ya ubongo wake imeshajengwa. Aliyetimiza miezi tumboni huzaliwa na ubongo wa gramu 350 hadi 400 hivi. Wa mtu mzima ni kama gramu 1,300 hadi 1,400. Mwaka wa kwanza unaongezeka maradufu, na mtoto akifikisha miaka 3 umeshapita robo tatu ya uzito wa utu uzima.

Kasi hiyo unaweza kuiona kwa futi ya fundi cherehani. Izungushe juu kidogo ya nyusi, ipite juu ya masikio mpaka pale kisogo kilipochomoza zaidi, uikaze kiasi cha kulaza nywele. Mvulana wa wastani huzaliwa na sentimita 34.5, miezi mitatu anasoma 40.5, miezi sita 43.3, mwaka 46.1. Msichana huwa chini yake kwa nusu sentimita hadi moja na kidogo. Sentimita sita ndani ya siku tisini! Hatakua tena hivyo maisha yake yote. Kipimo kimoja peke yake hakisemi mengi, kwa hiyo angalia mwendo. Kichwa kinachoruka ghafla kinaweza kuwa kinajaa maji, na kinachosimama miezi miwili mfululizo kinataka daktari akitazame.

Kurithi kupo, na hakuna mzazi anayechagua atakachomrithisha mwanawe. Hapa nazungumzia yale yaliyo mikononi mwetu, ambayo mengi ni ya bei ndogo na yote yana muda wake. Muda ukipita, pesa hairudishi.

Chumvi iliyo jikoni

Ubongo wa mtoto tumboni unahitaji homoni inayotoka kwenye tezi ya shingoni, na tezi hiyo haiitengenezi bila madini joto. Mpaka wiki ya 16 au zaidi mtoto hana homoni yake ya kutosha, anaishi kwa ile ya mama. Upungufu mkali katika kipindi hicho huleta ulemavu wa akili, uziwi na kimo kifupi, na kumpa mtoto madini joto baada ya kuzaliwa hakurekebishi. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini wanakumbuka goita zilivyokuwa jambo la kila kijiji. Upungufu mdogo hauonekani shingoni, na huo ndio unaotupita. Kusini magharibi mwa Uingereza walifuatiliwa wajawazito 1,040. Wale waliokuwa na madini joto pungufu, watoto wao walipofika miaka 8 na 9 walikuwa nyuma ya wenzao katika vipimo vya lugha na kusoma.

Tanzania ilianza mwaka 1986 kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika. Utafiti mmoja uliona kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati mama zao wanapewa vidonge walisonga mbele shuleni kwa theluthi hadi nusu ya mwaka kuliko wenzao, wasichana zaidi. Wengine waliorudia hesabu hizo baadaye wakaona tofauti haiko imara kiasi hicho. Wanabishania ukubwa wake. Kwamba mimba inahitaji madini joto, hilo halibishaniwi.

Sasa hesabu ya jikoni. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo, akila gramu 5 (kijiko kimoja cha chai, siku nzima), inampa 150. Ikiwa imeshuka hadi miligramu 15, anapata 75 tu. Kinachobaki kitoke kwenye samaki wa baharini, mayai na maziwa. Usijaribu kuziba pengo kwa kuzidisha chumvi, maana shinikizo la damu kwa mjamzito nalo linamdhuru mtoto. Kula ile ile kidogo, ila iwe nzima.

Inaharibikaje? Chumvi ya mawe iliyotoka moja kwa moja shambani, ya kupimwa kwa kopo, mara nyingi haijawekewa kitu. Iliyowekewa nayo, madini joto hukaa juu ya punje. Ukiiosha kuondoa mchanga kabla ya kupika, umeyamwaga pamoja na maji. Kopo lililo wazi kando ya jiko la mkaa, mvuke ukiingia na kutoka, hupoteza madini siku hadi siku. Weka kwenye chombo chenye kifuniko, pakavu, mbali na moto, na ununue ya kutumika mwezi mmoja au miwili. Ile chumvi ya rangi ya waridi inayouzwa ghali kwenye supamaketi, kwa kawaida haina madini joto. Mama kijacho asiifanye kuwa chumvi yake ya kila siku.

Wanaokula muhogo mchungu kila siku wana mzigo wa ziada. Sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua madini joto. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, goita ilichunguzwa kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Kuloweka siku tatu kamili kabla ya kuanika ni kinga. Kukatiza siku ya kwanza kwa sababu unga umeisha ndiko kunakoleta madhara.

Vidonge vya kuongeza damu

Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungwa ifikapo siku ya 28 tangu mimba itunge. Siku hiyo wanawake wengi hujiambia tu kwamba hedhi imechelewa wiki mbili. Kwa hiyo asidi ya foliki inayoanzwa kwenye hudhurio la kwanza la kliniki, mwezi wa nne, imeshachelewa kuzuia mgongo wazi, ingawa inafaa kwa damu. Anayepanga kubeba mimba aanze mikrogramu 400 kwa siku mapema, walau mwezi mmoja kabla.

Madini ya chuma yana kazi zaidi ya damu ya mama. Miezi ya mwisho ya mimba mtoto hujiwekea akiba kwenye ini lake, akiba itakayomfikisha karibu miezi sita, na chuma hicho kinatumika kutandika utando wa mafuta unaozunguka neva ili ujumbe upite haraka. Kidonge cha kawaida cha kliniki kina miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na foliki. Kimoja kwa siku, miezi sita, ni vidonge 180. Vingi huishia kabatini kwa sababu vinatia kichefuchefu na kufanya choo kiwe kigumu na cheusi. Weusi huo hauna shida. Kichefuchefu hupungua ukimeza usiku kabla ya kulala, baada ya chakula chepesi. Usimeze pamoja na chai, kahawa, maziwa au vidonge vya kiungulia. Acha saa moja au mbili katikati. Chai ya rangi juu ya wali na maharage, tunayoipenda sana, inazuia chuma cha mlo ule kisiingie mwilini. Chungwa au maji ya ndimu yanasaidia kiingie. Na udongo, ile pemba ya sokoni, huzuia chuma pia. Udongo unaoliwa na wajawazito Geita ulipopimwa ulikutwa na madini ya sumu.

Kuna kosa moja la duka la dawa ambalo wengi hawalijui. Mama anapewa SP kliniki kukinga malaria, halafu ananunua foliki ya miligramu 5. Kipimo hicho kikubwa kinaipunguzia SP nguvu. Foliki ndogo ya mikrogramu 400 haina tatizo. SP yenyewe huanza wiki ya 13, kila dozi ipishane na nyingine mwezi mmoja au zaidi, zifike tatu au zaidi. Anayetumia kotrimoksazoli kwa ajili ya VVU haipewi. Malaria hujificha kwenye kondo la nyuma hata mama asipokuwa na homa, ikapunguza chakula kinachomfikia mtoto, akazaliwa mdogo.

Pombe: hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mimba, iwe bia au mbege.

Dakika tatu za kitovu

Mtoto anapotoka, damu yake nyingine bado iko kwenye kondo. Ukisubiri dakika moja kabla ya kubana kitovu, mililita 80 hivi humrudia. Dakika tatu, karibu 100. Ndani yake mna chuma cha miezi kadhaa. Nchini Sweden watoto 382 waligawanywa makundi mawili, kitovu kikabanwa ndani ya sekunde 10 au baada ya dakika 3. Walipofika miaka minne alama za akili kwa ujumla hazikutofautiana, lakini waliosubiriwa walikuwa na mikono mahiri zaidi kwenye kazi ndogo ndogo, hasa wavulana. Na hao walikuwa watoto wa nchi isiyo na upungufu mkubwa wa damu. Kwetu, ambako mama wengi wanajifungua damu ikiwa chini, kusubiri kuna uzito zaidi.

Kinachovuruga ni haraka ya mazoea: kitovu kinakatwa ili mtoto apelekwe kwenye mizani. Mkaushe akiwa juu ya tumbo la mama, mfunike pamoja na mama, mizani itangoja. Ila mtoto asiyepumua baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo hasubiriwi. Kitovu kinakatwa na anapuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa, ndani ya dakika ya kwanza. Saa ya kwanza isiishe hajawekwa titini, kwa sababu sukari ya damu ikishuka sana kwa mtoto mdogo au aliyechoka, ubongo unakosa cha kuchoma.

Umanjano

Hili nalikazia, kwa sababu linaharibu ubongo uliokuwa hauna kasoro yoyote ndani ya siku mbili tatu, na lina tiba. Watoto wengi hupata umanjano kidogo kati ya siku ya pili na ya tano na unaisha wenyewe. Rangi hiyo inaitwa bilirubini. Ikipanda kupita kiasi inaingia kwenye ubongo na kuchoma sehemu zinazosimamia mwendo na kusikia. Anayebaki nayo anaweza kuwa na viungo vinavyojinyonga na masikio yasiyopokea maneno. Mtoto wa namna hiyo anaitwa mzito wa akili, kumbe hasikii.

Kwa ngozi nyeusi usitegemee kutazama shavu. Nenda mlangoni penye mwanga wa mchana. Bonyeza pua au kifua kwa kidole, uachie, uone rangi ya pale ulipobonyeza. Tazama weupe wa macho na ufizi. Kisha geuza viganja na nyayo. Umanjano huanza kichwani na kushuka, hivyo nyayo za manjano maana yake kiwango kiko juu, ni hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Umanjano wowote ndani ya saa 24 za kwanza ni hatari bila kujali ni mdogo kiasi gani. Anayelala mno akashindwa kuamka kunyonya, anayelia kwa sauti nyembamba kali, au anayejipinda mgongo nyuma, ameshafika pabaya.

Bibi atasema mtoe juani asubuhi. Bibi hajakosea kwamba mwanga unatibu, ila dakika kumi za jua ni sawa na kuzima moto wa nyumba kwa kikombe. Huko Lagos, Nigeria, waliwahi kulinganisha tiba ya jua na ile ya taa za bluu za hospitali. Ili jua lifanye kazi walijenga mahema yenye karatasi maalumu ya kuchuja mionzi mibaya na joto, watoto wakakaa humo saa tano au zaidi kwa siku, wakipimwa damu na joto la mwili. Matokeo yalilingana na ya taa. Jua la uani, mtoto akiwa amevalishwa na kofia, halipo hata karibu na hapo, na humchelewesha kufika kwenye taa. Maji ya sukari hayasafishi manjano pia. Kinachosaidia nyumbani ni kunyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa sababu bilirubini hutoka na choo.

Halafu vile vidonge vyeupe vya harufu kali vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo na mende. Kwenye ukanda wa pwani na maeneo mengine ambako malaria imekaa karne nyingi, watu wengi wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, wavulana hasa. Mtoto mwenye hali hiyo akivalishwa nguo zilizotunzwa na naftalini, hata akivuta harufu yake tu, chembe za damu hupasuka na bilirubini inaruka. Khanga na nguo za mtoto alizotunziwa kwa mapenzi miezi mitatu zinaweza kumletea balaa hilo. Usiziweke na vidonge hivyo tangu mwanzo. Kufua na kuanika ukishaviweka si kinga ya kutegemea.

Uji unaodanganya

Miezi sita inapotimia akiba ya chuma inaisha, na maziwa ya mama, bora kwa kila kitu kingine, hutoa chini ya nusu miligramu ya chuma kwa siku wakati mtoto anahitaji karibu 11. Hapa ndipo tunapoleta kikombe cha uji mwepesi.

Tukokotoe. Uji wa kunyweka una unga asilimia 5 hivi, sawa na kalori 20 kwa mililita 100. Tumbo la mtoto wa kilo 7 hubeba kama mililita 200. Basi kikombe kizima ni kalori 40. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji takriban kalori 200 kutoka kwenye chakula mbali na maziwa ya mama, wa miezi 9 hadi 11 anahitaji 300, na wa mwaka hadi miwili 550. Atashiba maji. Ukiuzidisha unga, uji unakuwa ugali na hawezi kuumeza.

Jibu la zamani la bibi zetu ni kimea, na wataalamu wa lishe wa Tanzania walilifanyia kazi miaka ya 1980. Chukua ulezi, chagua, osha, loweka usiku kucha. Mwaga maji, tandaza juu ya kitambaa safi chenye unyevu, funika, nyunyiza asubuhi na jioni kwa siku mbili hadi tatu mpaka chipukizi zifikie sentimita moja. Anika jua kali hadi zikatike zikiguswa, sugua uondoe chipukizi, saga. Ukinusa ukungu, tupa. Nasema ulezi kwa makusudi, maana chipukizi za mtama zina sumu ya jamii moja na ile ya muhogo.

Sasa pika uji mzito: vijiko vinne vya chakula vya unga vilivyojaa kwa kikombe kimoja cha maji, uive kabisa. Ipua. Subiri upoe mpaka uweze kuuonja bila kuungua ulimi, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea na ukoroge. Ndani ya dakika tano hadi kumi utauona unalegea mbele ya macho yako, kijiko kilichokuwa kimesimama kinaanguka. Kimeng'enya cha kimea kinakata nyuzi za wanga zilizokuwa zimeshika maji. Rudisha jikoni, uchemke dakika chache kuua vijidudu. Kosa linalowakatisha tamaa wengi ni kutia kimea uji ukiwa unatokota. Moto unakiua kimeng'enya papo hapo, uji unabaki mzito, mpishi anaongeza maji, na tumerudi tulikotoka.

Juu yake weka kijiko cha mafuta au karanga iliyosagwa na kijiko cha unga wa dagaa. Mara moja kwa wiki chemsha kipande cha ini kama gramu 30 na ukikwaruze kiwe laini.

Na ule unga wa lishe wa nafaka kumi, karanga na soya zikiwa zimesagwa pamoja, mimi siushauri. Karanga moja iliyooza inachafua mfuko mzima kwa sumukuvu, hutaiona, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 katikati ya Tanzania watu 68 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi, 20 wakafariki. Nunua kila kitu peke yake, chagua kwa mkono, tupa punje zilizosinyaa na zenye rangi, saga kidogo kidogo.

Kwamba chakula cha umri huu kinafika mbali, Guatemala ilionyesha. Kati ya 1969 na 1977 vijiji viwili kati ya vinne vilipewa uji wenye protini. Wanaume waliounywa wakiwa chini ya miaka miwili walikuja kulipwa kwa saa asilimia 46 zaidi ya wenzao. Walioanza baada ya miaka mitatu hawakupata nyongeza.

Somo la Pemba

Basi tuwape watoto wote dawa ya chuma? Pemba inajibu mara mbili. Katika utafiti uliochapishwa 2001, watoto wa miezi 6 hadi 59 waliopewa miligramu 10 za chuma kila siku kwa mwaka walizidi wenzao katika lugha, na waliokuwa na damu ya chini sana wakazidi katika mwendo pia. Kisha ukaja utafiti mkubwa, watoto zaidi ya 24,000, miligramu 12.5 za chuma na foliki. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ikasimamishwa, kwa sababu waliopewa walikuwa wakilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi. Kimelea cha malaria nacho hula chuma. Lakini miongoni mwa waliokuwa na upungufu halisi, wakiwa wanapimwa na kutibiwa malaria karibu, chuma kilisaidia.

Kwa hiyo kwenye eneo la malaria usinunue sharubati ya chuma dukani kwa kukisia. Pima damu, hakikisha mtoto analala ndani ya chandarua chenye dawa, homa ipimwe siku hiyo hiyo. Malaria iliyopanda kichwani ina gharama yake: Kampala, watoto waliopona walipopimwa baada ya miaka miwili, mmoja kati ya wanne alikuwa na kasoro ya kufikiri.

Risasi

Risasi, yale madini ya kwenye betri za magari yanayodhuru ubongo, mtoto mdogo akiimeza huifyonza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na mwenye upungufu wa chuma hufyonza zaidi. Haina kiwango salama kinachojulikana. Kwenye petroli ilikwisha kwetu mwaka 2006. Imebaki mtaani. Owino Uhuru, Mombasa, ilijulikana duniani baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kuwatia wakazi sumu. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania haki yao, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ambayo iliendelea ngazi za juu.

Nyumbani, angalia vitu vitatu. Fundi wa betri asifanyie kazi uani wanakocheza watoto, wala asibebe mtoto kabla ya kuoga na kubadili nguo. Sufuria zinazosubiwa mtaani kwa vyuma chakavu hutoa risasi, hasa ukipikia vitu vichachu kama nyanya, ukwaju au ndimu kwa muda mrefu. Chakula cha mtoto kipikwe kwenye chuma kisichoshika kutu. Na wanja wa manga. Najua ni mila ya Pwani na Uarabuni kumpaka mtoto machoni na nyusi akiwa wa siku chache. Mwingi wake ni jiwe lenye risasi lililosagwa, na mtoto hujifikicha jicho kisha hunyonya vidole. Mila hii naomba iachwe kwa watoto.

Mazungumzo

Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, walichukuliwa watoto 129 waliodumaa, wenye miezi 9 hadi 24. Kundi moja lilipewa kilo moja ya maziwa ya unga kwa wiki. Lingine lilitembelewa na mhudumu wa afya wa mtaani saa moja kwa wiki, kwa miaka miwili, akimwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto. La tatu lilipata vyote, la nne halikupata. Walipofika miaka 22, faida ya maziwa peke yake ilikuwa imefifia. Waliochezewa walikuwa juu katika vipimo vya akili na mapato yao yalizidi kwa asilimia 25. Romania nako, watoto waliotolewa kwenye vituo vya yatima na kupewa familia kabla ya miaka miwili walifikia mbali kuliko waliochelewa.

Wahudumu wa Kingston hawakuwa na madaraka makubwa, na vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa makopo na chupa. Saa ile moja haikuwa na uchawi. Mama alikuwa akiachiwa vitu hivyo acheze na mtoto wiki nzima, mhudumu akirudi anavibadilisha.

Ukitaka kuanza leo na mtoto wa miezi tisa, chukua mkebe wa plastiki wenye mdomo mpana, usafishe, utie vifuniko vinne vikubwa kuliko mdomo wa mtoto, visivyo na ncha. Kaeni mkekani mtazamane. Tia kifuniko kimoja, useme "ndani", kwa lugha unayoota nayo usiku. Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapokosea, tunamjazia maneno. Hesabu mpaka kumi moyoni. Atatazama mkebe, atakutazama wewe, atatoa sauti au atanyoosha mkono. Jibu hicho hicho alichofanya: akisema "da", mwambie "ndiyo, ndani", umpe kifuniko. Akikitupa, kiokoteni pamoja. Akigeuza uso, amechoka, funga mchezo. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni, simu na televisheni vikiwa vimezimwa. Akifika mwaka, toboa mfuniko wa mkebe tundu la kupitisha kifuniko kikiwa kimesimama wima, umwache ahangaike nacho kabla hujamsaidia.